Pale Moja na Nusu Inapokataa Kuwa Mbili

Wanafunzi wanaoikimbia kemia hawaikimbii kidato cha kwanza. Kidato cha kwanza kuna kanuni za maabara, kuna alama za hatari zenye fuvu na mifupa, kuna mshumaa unaofunikwa kwa glasi mpaka ukazimika. Mambo yanaonekana kwa macho. Anayeondoka huondoka kidato cha pili, wiki ile mwalimu anapoandika Al₂O₃ ubaoni bila kusema hiyo mbili na hiyo tatu zimetoka wapi. Aliyenusurika hapo huondoka kidato cha tatu, moli zinapoingia. Mwili wake unabaki darasani, hauulizi kitu, unanakili ubao kwa mwandiko mzuri sana. Nimefundisha somo hili muda wa kutosha kuwatambua watu hawa kwa mwandiko wao.

Namba hizo ndogo zinazokaa miguuni mwa herufi zina njia mbili za kuzipata. Ya kwanza ni mzani: unapima uzito wa kila elementi, unagawanya, unapata uwiano wa atomi katika namba nzima zilizo ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo fomula ya empirika. Ya pili ni chaji: unatazama elementi imekaa wapi kwenye jedwali, unabashiri ioni yake itakuwa na chaji gani, kisha unasawazisha chanya na hasi. Vitabu vyetu huziweka njia hizi katika sura mbalimbali, hata vidato mbalimbali, kana kwamba hazijuani. Mimi nilibahatika kufundishwa na mtu aliyekataa kuzitenganisha, na karibu kila ninachokifanya darasani leo kimetoka kwenye ukaidi wake huo.

Sekondari yetu ilikuwa ya kutwa, kwenye miteremko ya Mlima Meru upande wa Usa River. Maabara ilikuwa moja: kemia upande wa dirishani, biolojia upande wa ukutani, na katikati mzani mmoja ambao hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mwalimu asipokuwepo. Mwalimu wangu huyo alitukuta tumekwisha kukaririshwa valensi. Tuliziimba kwa pamoja: sodiamu moja, kalsiamu mbili, alumini tatu, oksijeni mbili, klorini moja. Sina ugomvi na kuimba. Mpaka leo nawaimbisha wanafunzi wangu elementi ishirini za mwanzo, na wapo wanaozikumbuka wakiwa watu wazima wenye watoto. Lakini wimbo ule ulipofika kwenye chuma ulisema "mbili au tatu", ukaendelea na safari kama hakuna lililotokea. Mbili lini? Tatu lini? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu nyimbo haziulizwi.

Mwalimu akafuta ubao, akaanza upya na elektroni. Sodiamu ina 11: mbili, nane, moja. Magnesiamu ina 12: mbili, nane, mbili. Oksijeni ina nane: mbili, sita. Akatutaka tuseme, kwa kila elementi, kazi ndogo ni ipi, kutoa au kupokea. Kundi la kwanza hutoa moja, la pili mbili, la tatu tatu. Upande wa kulia wa jedwali, kundi la saba hupokea moja, la sita mbili, la tano tatu. Inayotoa hubaki na chaji chanya, inayopokea hupata chaji hasi. Kundi la nne aliliacha, akasema kaboni haina haraka ya kuwa ioni, tutakutana nayo kwa njia nyingine. Baada ya vipindi vichache wimbo ukawa hauna kazi, maana yeyote mwenye jedwali mbele yake angeweza kuutunga mwenyewe.

Kuna jambo moja katika ufundishaji wake ambalo mimi nimelibadilisha. Yeye alisema atomi "inataka" kuwa na elektroni nane nje, kama wasemavyo walimu wengi. Atomi haitaki kitu. Kung'oa elektroni ya kwanza ya sodiamu kunahitaji kilojuli 496 kwa moli. Kung'oa ya pili kunahitaji kilojuli 4,562. Kwa magnesiamu ni 738, kisha 1,451, kisha panaruka hadi 7,733. Nikiziandika namba hizi ubaoni na kunyamaza, darasa lenyewe huonyesha kwa kidole mahali pa kusimama. Na hata zile elektroni za mwanzo hazitoki bure. Nishati iliyotumika kuzing'oa hurudishwa pale ioni za chaji chanya na hasi zinapojipanga pamoja kwenye fuwele ya chumvi. Mwanafunzi akishaona hivyo haulizi tena kwa nini magnesiamu haiwi na chaji ya tatu. Anajua jibu ni kilojuli 7,733.

Upande wa mzani tatizo la wengi ni hesabu kuliko kemia, tena hesabu ya uwiano iliyofundishwa shule ya msingi. Baba yangu mdogo alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na mwalimu alipolijua hilo akalifanya somo. Akatuambia: sandukuni mna bawaba za kilo mbili na skrubu za gramu 600. Bawaba moja ina gramu 100, skrubu moja ina gramu tano. Vipi ni vingi? Darasa zima likasema bawaba, kwa sababu kilo mbili ni nyingi kuliko gramu 600. Akanitazama mimi. Nikagawanya: bawaba 20, skrubu 120. Skrubu sita kwa kila bawaba, na kila aliyewahi kumwona fundi akifunga mlango alijua kwamba ndivyo inavyokuwa. "Sasa," akasema, "ondoa bawaba uweke chuma, ondoa skrubu uweke oksijeni, na usiniambie tena kwamba chuma ni kingi kwa sababu ni kizito." Uzito wa elementi gawanya kwa uzito wa atomi yake. Hatua hiyo moja ndiyo inayorukwa na anayeziangalia asilimia na kuzigeuza fomula papo hapo.

Jaribio lililonifunga kwenye kemia lilikuwa la utepe wa magnesiamu. Unausugua kwa msasa mpaka ung'ae, unauviringisha, unauweka kwenye krusibo, yaani kile kikombe kidogo cha kaure chenye kifuniko, unapima, kisha unapasha moto. Sisi tulitumia stovu ya mafuta ya taa. Kila baada ya muda unainua kifuniko kidogo kwa koleo ili hewa iingie, unakirudisha upesi ili moshi mweupe usitoroke, kwa sababu moshi ule ndio mali yenyewe. Kwa magnesiamu ya gramu 1.2 nadharia inadai upate gramu 2.0 za unga mweupe. Kundi letu lilipata 1.9.

Tukakokotoa. Magnesiamu: 1.2 gawanya kwa 24, ni 0.05. Oksijeni: 0.7 gawanya kwa 16, ni kama 0.044. Uwiano ni 1.14 kwa moja. Mwenzetu mmoja, aliyekuwa na kichwa cha hesabu kuliko sisi sote, akaona kwamba hiyo ni nane kwa saba, akaandika Mg₈O₇ kwenye daftari na kuipigia mstari chini. Kundi la jirani lilikuwa limeshaandika MgO na limeshabadilisha 1.9 kuwa 2.0. Kupika data ni ujuzi ambao shule zetu hufundisha bila kuuweka kwenye mtaala. Mtahini anataka MgO, mwanafunzi anampa MgO na gramu zinazofanana nayo.

Mwalimu aliyapita madaftari yote mawili. Kwa waliopika hakusimama. Kwa yule wa Mg₈O₇ alivuta kiti. "Magnesiamu nane zimetoa elektroni ngapi?" Kumi na sita. "Oksijeni saba zimepokea ngapi?" Kumi na nne. "Mbili ziko wapi?"

Swali hilo nimelibeba mpaka leo. Chaji ilikuwa inasema moja kwa moja: Mg inatoa mbili, O inapokea mbili, hakuna namna nyingine. Mzani ulikuwa unasema 1.14. Yeye hakutuambia tuuamini mmoja na kuutupa mwingine. Alitutaka tueleze tofauti. Tukataja moshi uliotoroka wakati wa kuinua kifuniko, kwa sababu kila kundi lilitaka kuuona mwanga wa magnesiamu inayoungua. Akakubali, akasema kuna mshtakiwa wa pili. Akachukua bomba la kudondoshea maji, akadondosha matone machache kwenye krusibo lililopoa, akatuita tunuse kwa kupunga mkono, si kwa kuingiza pua. Harufu ya choo cha shule. Amonia.

Amonia ina naitrojeni, na kwenye magnesiamu safi hamna naitrojeni. Imetoka wapi? Hewani, hewa ni naitrojeni kwa asilimia 78. Akatuuliza, bila kufungua kitabu, kiwanja cha magnesiamu na naitrojeni kitakuwa na fomula gani. Naitrojeni iko kundi la tano, inapokea tatu. Magnesiamu inatoa mbili. Ili zilingane unahitaji magnesiamu tatu zinazotoa sita na naitrojeni mbili zinazopokea sita: Mg₃N₂. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika fomula ya kitu ambacho sikuwahi kukisikia, na kikawa ni kweli kipo, kipo pale kwenye krusibo, kimetoka kutunukia.

Halafu akaturudisha kwenye mzani. Magnesiamu ya gramu 72 ikiwa oksidi yote inatoa gramu 120. Ikiwa naitridi yote inatoa 100 tu. Kwa hiyo kila kipande kilichoshika naitrojeni badala ya oksijeni kinaupunguza uzito wetu. Maji huigeuza naitridi kuwa haidroksidi na amonia, na ukipasha tena moto haidroksidi inabaki oksidi. Tukapasha tena. Tukapima: 1.97. Uwiano ukawa 1.04 kwa moja, na sasa kuandika MgO hakukuwa kupika. Kilichobaki, akasema, ni moshi mliouangalia kwa furaha.

Nilipoanza kufundisha niligundua kwamba ugumu wa fomula ya empirika haumo kwenye kugawanya. Umo kwenye hatua ya mwisho, pale unapopata 1.14 au 1.5 au 1.33 na unatakiwa kuamua kama utaikadiria au utaizidisha. Mfano wangu wa kwanza huwa ni kutu. Oksidi ya chuma yenye chuma asilimia 70 na oksijeni asilimia 30. Chuma 70 gawanya kwa 56, ni 1.25. Oksijeni 30 gawanya kwa 16, ni 1.875. Gawanya zote kwa ndogo: moja kwa 1.5. Nusu ya darasa huandika FeO₂ kwa sababu walifundishwa kwamba nukta tano hupandishwa juu. Siwakosoi. Nawaambia wahesabu chaji. Oksijeni mbili zinadai elektroni nne, kwa hiyo chuma hicho kimoja kimetoa nne, na wimbo wao wenyewe unasema mbili au tatu. Hapo moja na nusu inakataa kuwa mbili. Zidisha kwa mbili upate mbili kwa tatu, Fe₂O₃, chuma cha chaji tatu, na kila kitu kinakaa.

Mwaka mmoja binti wa kidato cha tatu aliniuliza: "Madam, 1.14 ya magnesiamu ulisema ni moja. Sasa 1.33 ukisema tuzidishe kwa tatu, nitajuaje ipi ni ya kukadiria na ipi ni ya kuzidisha?" Sijapata swali zuri kuliko hilo katika mada hii, na vitabu vyetu havina jibu lake, vina jedwali la kukariri kwamba 1.5 zidisha kwa mbili, 1.33 zidisha kwa tatu, 1.25 zidisha kwa nne. Jibu nililompa lina sehemu mbili. Kwanza ujue unaamini mzani wako kwa kiasi gani: kwa stovu ya mafuta ya taa, kosa la sehemu kumi na nne kwa mia ni jambo la kawaida, kwenye takwimu zilizopimwa kwa makini mpaka desimali ya kwanza ya asilimia, theluthi nzima haiwezi kuwa kosa. Pili, uliza kama chaji inakubali.

Akaniuliza kama kuna mahali ambapo chaji inakataa na mzani hauko tayari kukosolewa. Nikamwambia aje na sumaku.

Waliokulia upande wetu wanaujua mchanga mweusi unaobaki mitaroni baada ya mvua. Meru ni mlima wa volkano na mvua huusafisha mchanga wake kila mwaka. Utotoni tulikuwa tunavunja spika ya redio mbovu, tunatoa sumaku, tunaiburuta mtaroni mpaka inaota manyoya meusi. Kinachonasa kwa wingi ni magnetiti, oksidi nyingine ya chuma. Kwa hesabu za darasani natumia namba za kitabu, kwa kuwa mchanga wa mtaroni una titani ndani yake: magnetiti safi ina chuma asilimia 72.4 na oksijeni 27.6. Gawanya: 1.293 na 1.725. Uwiano ni moja kwa 1.33. Zidisha kwa tatu: Fe₃O₄.

Sasa chaji. Oksijeni nne zinadai elektroni nane. Chuma viko vitatu. Nane gawanya kwa tatu. Mvulana wa mbele akasoma kikokotoo chake kwa sauti: "Madam, kila chuma kimetoa elektroni mbili na nukta sita saba." Darasa likacheka, na mimi nikawaacha wacheke, kwa sababu kicheko kile ndicho kilichokuwa sahihi. Elektroni haikatwi vipande. Mzani hauna kosa, sumaku inanasa, na chaji haiwezekani. Niliweka chaki chini. Kimya kilikuwa kirefu kiasi cha kumtia mwalimu mgeni hofu. Halafu yule binti akasema polepole, kama anayejaribu daraja: "Mbili, na tatu, na tatu."

Ndivyo ilivyo. Katika kila chuma vitatu vya magnetiti, kimoja kina chaji mbili na viwili vina chaji tatu. Zile 2.67 ni wastani, na hakuna atomi hata moja inayoishi kwenye wastani huo. "Mbili au tatu" ya wimbo wetu wa zamani ilikuwa na jibu la tatu ambalo hakuna aliyetuimbisha: zote mbili kwa pamoja. Ukiuyeyusha mchanga ule kwenye asidi kali ya haidrokloriki iliyopashwa moto, na hauyeyuki upesi, kisha ukaugawa mmumunyo mara mbili, potasiamu thayosayaneti itatoa rangi nyekundu ya damu kuonyesha chuma cha chaji tatu, na kwenye bomba la pili potasiamu ferisayanidi itatoa buluu nzito kuonyesha cha chaji mbili. Mwaka ule tulikuwa na ya kwanza kabatini, ya pili hatukuwa nayo. Tuliona nusu ya ushahidi.

Wanafunzi wanapojiona wajinga huwa nawataja wakubwa waliokwama mahali palepale. John Dalton, aliyeipa dunia nadharia ya atomi, alichapisha kitabu chake mwaka 1808 akiwa ameandika kwamba maji ni haidrojeni moja na oksijeni moja, na oksijeni akaipa uzito wa saba kwa haidrojeni ya moja. Alijua maji yana uzito gani wa kila elementi, kwa ukaribu. Asichokijua ni uzito wa atomi moja, na bila huo bawaba na skrubu hazihesabiki. Akachagua uwiano rahisi kuliko wote akaenda nao. Ilichukua nusu karne. Stanislao Cannizzaro aliwaonyesha wenzake njia ya kutoka kwenye mkanganyiko huo katika mkutano wa Karlsruhe mwaka 1860. Na habari ya ioni kuwamo kwenye maji ya chumvi hata bila umeme kupitishwa iliandikwa na Svante Arrhenius katika tasnifu yake ya mwaka 1884 huko Uppsala, wakaguzi wakampa daraja la chini, na mwaka 1903 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa wazo hilohilo.

Uwiano una mpaka wake pia, nao niliuonea kwenye rafu ya maabara yetu ya pamoja. Upande wa biolojia palikuwa na chupa ya chura aliyehifadhiwa kwenye formalini. Upande wa kemia palikuwa na asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki, na kopo la glukosi. Ukizichambua formaldehaidi ya kwenye formalini, asidi ya asetiki na glukosi, zote tatu zina kaboni asilimia 40, haidrojeni 6.7, oksijeni 53.3. Fomula ya empirika ni moja, CH₂O. Moja inahifadhi maiti, moja inaungwa kwenye kachumbari, moja wanapewa wagonjwa. Tofauti inaanzia kwenye uzito wa molekuli: 30, 60 na 180. Hizi hazina ioni za kubashiri kutoka kwenye makundi, na hapo ndipo mwalimu alipoikaribisha tena kaboni.

Nimeacha mwisho mfano ninaoupenda kuliko yote, na niliufikia kwa sababu ya meno yangu. Yana madoa ya kahawia, kama ya wengi tuliokunywa maji ya mito na visima vya upande wa Maji ya Chai tukiwa wadogo. Chuoni Dar es Salaam wenzangu hawakuniuliza kwetu ni wapi; walinitazama nikicheka wakasema, "Wewe wa Arusha." Mwalimu wetu wa kemia alitoka Kanda ya Ziwa na meno meupe, alihamia ukubwani, akanywa maji yaleyale miaka yote, na hayakubadilika rangi. Tulimuuliza kwa nini. Akasema tusubiri mpaka tujue chaji za ioni zenye elementi zaidi ya moja.

Swali ninalowapa sasa ni hili. Madini ya apatiti, ya jamii ya yale yanayochimbwa Minjingu mkoani Manyara kwa ajili ya mbolea, yakiwa safi ya aina ya florini yana kalsiamu asilimia 39.7, fosforasi 18.5, oksijeni 38.1 na florini 3.8. Gawanya kwa uzito wa atomi: kalsiamu 0.99, fosforasi 0.60, oksijeni 2.38, florini 0.20. Gawanya zote kwa 0.20: zinatoka karibu tano, tatu, 12 na moja. Hapa 4.96 unaikadiria bila wasiwasi. Fosforasi tatu na oksijeni 12 ni fosfeti tatu, na fosfeti ni PO₄ yenye chaji hasi tatu. Kwa hiyo Ca₅(PO₄)₃F. Sasa sawazisha: kalsiamu tano ni chanya kumi. Fosfeti tatu ni hasi tisa. Panahitajika hasi moja, na florini ya kundi la saba ndiyo hasa hasi moja. Fomula ndefu kuliko zote walizowahi kuziona imekaa sawa, kwa mzani na kwa chaji, na mara nyingi kuna anayepiga makofi.

Kisha naifuta F na kuandika OH. Haidroksidi nayo ni hasi moja, hesabu haibadiliki. Na Ca₅(PO₄)₃OH ndiyo madini ya meno na mifupa yetu. Darasa lenye meno ya kahawia hunyamaza kwa namna ya peke yake hapo. Floridi, yaani ioni ya florini, inayoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano ya Meru inaingia kwenye maji, na kwenye maji ya upande wetu inazidi mara kadhaa miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Magadi tunayolainishia maharage nayo huongeza yake. Kwa chaji yake na ukubwa wake, floridi inaweza kukaa pale penye haidroksidi. Kiasi kidogo huliimarisha jino. Kikizidi wakati jino la mtoto bado linajengwa ndani ya fizi, kinauvuruga ujenzi wenyewe. Enameli inabaki na vitundu, na vitundu hivyo huja kushika rangi baadaye. Mwalimu wetu aliyahamishia Meru meno yaliyokwisha kujengwa, ndiyo maana hayakudhurika.

Mabadilishano hayohayo ndiyo yanayotumika kusafisha maji. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, si mbali na tulikosoma, kimeshughulika kwa miaka mingi na chujio la mifupa ya ng'ombe iliyochomwa na kusagwa. Mfupa ni apatiti ya haidroksidi. Maji yakipita, floridi inabaki mfupani na haidroksidi inatoka. Wanafunzi wanaofikiri mifupa ni kitu cha uchafu huanza kuuliza inachomwa kwa moto wa kiasi gani.

Kipindi kimoja yule mvulana wa kikokotoo aliinua mkono. "Madam, klorini nayo iko kundi la saba, hasi moja. Chumvi tunakula kila siku. Mbona kloridi haiendi kwenye meno kama floridi?" Alikuwa ameshaandika Ca₅(PO₄)₃Cl na kusawazisha. "Kwenye karatasi inakubali," akaniambia.

Nikamwambia kwenye miamba pia inakubali, apatiti ya aina hiyo ipo. Nikaandika ubaoni nusu kipenyo cha ioni: floridi pikomita 133, kloridi 181, na nikamwambia haidroksidi iko jirani na floridi. Akazitazama namba hizo kwa muda, akachora tundu, akajaribu kuchora duara kubwa ndani yake. "Basi kumbe wimbo ulihitaji ubeti wa pili," akasema, na kabla sijajibu, binti wa magnetiti akauliza kama kalsiamu nayo inaweza kutolewa na ioni nyingine ya chanya mbili yenye ukubwa unaokaribiana. Nikampa kiti akatafute kwenye jedwali. Alirudi na strontiamu.